Kukhu Akifikisha Miaka Mia: Mwongozo wa Kuandaa Siku Yake Isigeuke Matanga ya Mapema

Asubuhi tuliyosimamisha hema nyumbani kwetu Butere, magharibi mwa Kenya, jirani mmoja aliingia langoni mikono kichwani, akipiga mayowe. Alikuwa anatoka sokoni. Aliona turubai jeupe, viti vya plastiki vikishushwa kwenye pikapu, sufuria kubwa zimepangwa kando ya mafiga, akajua mambo yamekwisha. Kukhu mwenyewe, yaani bibi yetu, alikuwa barazani anachambua kunde. Akainua uso, akamuuliza, "Mwanangu, unamlilia nani?"

Tulicheka siku nzima, ila kosa lilikuwa letu. Huku Magharibi, hema likisimama kwenye boma la mzee wa miaka mia, hakuna anayewaza keki. Kwa hiyo kabla ya bajeti, kabla ya kundi la WhatsApp, waarifu watu. Itangazwe kanisani Jumapili mbili mfululizo. Mwambie chifu msaidizi na mzee wa mtaa. Usiwasahau vijana wa bodaboda pale stejini, maana hao ndio redio ya kijiji. Wakijua ni sherehe, hadi jioni kata nzima itakuwa imejua.

Nimeshiriki kuandika wasifu wa marehemu mara kadhaa katika ukoo wetu. Tunauandika vizuri, tunauchapisha kwenye karatasi inayong'aa na picha ya rangi, kisha tunausomea mtu ambaye hawezi tena kusema, "Hapana, haikuwa hivyo." Mzee anapofikisha miaka mia akiwa hai, mna nafasi ya kumsomea yeye mwenyewe, naye awasahihishe. Hayo mengine yote, ng'ombe, muziki na picha, ni ya kuuzunguka ukweli huo tu. Ukiyapanga ukianza na wageni utakosea. Anza na masikio yake, meno yake na usingizi wake.

Kwanza, ni mia kweli?

Hapa ndipo familia nyingi hugombana, na ni kazi tamu ukiipa muda. Kitambulisho cha Kukhu kinasema 1931. Kwa hesabu hiyo tulikuwa tumebakiza miaka saba. Lakini kitambulisho si msahafu. Wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970, na mama wa kijijini alipofika mezani bila cheti, karani alimtazama usoni, akakadiria, akaandika. Vyeti vya kuzaliwa navyo usivitegemee. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya 1928, na ilichukua miongo kuwafikia Waafrika wa mashambani.

Basi hesabu kwa matukio. Hata makarani wa sensa hubeba orodha ya matukio ya kila eneo kwa kazi hiyohiyo. Kwa mzee wa Magharibi au Nyanza aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1920, misumari ya kutundikia kumbukumbu ni hii: nzige waliovamia kati ya 1928 na 1931, reli ya kutoka Kisumu iliyofika Butere 1930, dhahabu ya Kakamega iliyowaleta Wazungu wengi kuanzia 1931, vita vya pili vya dunia, 1939 hadi 1945, ambavyo wazee wengi huviita Panyako kwa sababu ya vijana waliochukuliwa kwenye kikosi cha Pioneer, mvua kubwa za 1961, ziwa lilipofura, na Uhuru, Desemba 1963.

Usimuulize, "Ulikuwa na miaka mingapi?" Hajui, na swali lenyewe humfanya ajione anafanyiwa mtihani. Muulize mwili wake ulikuwaje. Ulikuwa umeshaanza kubeba maji kichwani? Ulikuwa unamlea mdogo wako yupi? Kukhu alipoulizwa kuhusu gari la moshi, aliziba mdomo kwa kiganja kama msichana, akasema alikataa kucheka mbele ya watu waliokuja kulitazama kwa sababu alikuwa na pengo. Meno ya mbele yalikuwa yametoka, mapya hayajaota. Mtoto hung'oka meno hayo akiwa na miaka sita au saba. Ondoa sita kutoka 1930, unapata 1924. Pengo moja likashinda kitambulisho.

Ukipata mwaka, utafutie shahidi wa pili. Kifungua mimba wa Kukhu alizaliwa baba yake akiwa vitani, mwaka wa 1943 kwa mujibu wa kadi yake ya ubatizo. Msichana wa miaka kumi na tisa na mtoto wa kwanza, kwa enzi zile, inaingia akilini. Kama mzee wenu ni wa Bungoma, uliza kaka yake alitahiriwa na rika gani. Tohara ya Wabukusu hufanywa miaka ya shufwa, nayo marika yao, Banyange, Bamaina na mengine, hufuatana kwa mpangilio ambao wazee wa ukoo wanaujua kama meza ya kuzidisha.

Kanisani nako kuna vitabu. Wakatoliki huandika ubatizo kwenye daftari la parokia, pamoja na wazazi na msimamizi, Waanglikana vilevile. Angalia tu usichanganye mwaka wa ubatizo na mwaka wa kuzaliwa, maana wengi wa rika lile walibatizwa wakiwa vijana waliokwisha kujua kusoma. Na kama ni Mfrenzi, yaani Mkweka, wa upande wa Kaimosi, usipoteze nauli kutafuta kadi ya ubatizo: Marafiki hawabatizi kwa maji. Uliza vitabu vya washirika.

Tarehe je? Tazama jina. Kwa Waluhya, Nekesa alizaliwa wakati wa mavuno, Nafula wakati wa mvua, Nasimiyu wakati wa kiangazi, Nanjala wakati wa njaa, Nasike wakati wa nzige. Kwa Waluo jina hukupa hata saa: Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' wa adhuhuri, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku. Kukhu anakumbuka kuambiwa kwamba mama yake alishikwa na uchungu akivuna wimbi, nasi tukachukua Agosti. Msitafute tarehe kamili pasipokuwepo. Semeni "msimu wa mavuno, 1924", na hakuna atakayewashtaki.

Neno la pembeni: msikimbilie ofisini kubadilisha kitambulisho kwa ajili ya sherehe. Pesa za wazee za Inua Jamii ni za kuanzia miaka 70, na mwenye 93 kwenye karatasi ameshapita mlango huo zamani. Jina au mwaka ukibadilika, simu yake, akaunti yake na bima yake vyote vinaweza kukwama kwa wakati mmoja.

Muulize kama anataka

Linaonekana jambo dogo, lakini tuliliruka na likaturudia. Wako wazee wasiopenda kuhesabiwa miaka hadharani. Kwao ni kama kumwonyesha mauti njia ya nyumbani. Wengine hawajali. Kukhu alikuwa na sharti moja: asivalishwe kofia ya karatasi. Alikuwa ameiona kwenye simu ya kitukuu, akasema hiyo ni ya watoto.

Muulize pia anataka kumwona nani. Usije na orodha yako. Alitaja watu watano, na wawili hatukuwajua: rafiki waliyefuma naye vikapu, ambaye sasa anaishi kwa mwanawe Nakuru, na mtoto wa mwanamke aliyemsaidia kujifungua. Kuwapata hao wawili kulituchukua miezi miwili, na kulikuwa na thamani kuliko hema. Muulize na asiyetaka kumwona. Mzee wa miaka mia ana haki ya kinyongo kimoja.

Kumrekodi, kidogo kidogo

Anza angalau miezi minne kabla. Simu ya kawaida inatosha. Iweke juu ya mto karibu na kidevu chake, si mezani, maana meza hubeba kila mgongano wa kikombe. Zima redio, fukuza kuku, funga mlango wa upande wa barabara. Nusu saa inatosha, asubuhi baada ya uji, wakati akili yake ni nyepesi. Jioni wazee wengine huchanganyikiwa; usimkorofishe.

Mwache azungumze lugha yake. Nimeona wajukuu wa mjini wakimlazimisha bibi ajibu kwa Kiswahili ili video ieleweke. Atakujibu, ndiyo, lakini atakupa maneno kumi mahali pa mia. Tafsiri itakuja baadaye.

Maswali yaliyozaa zaidi kwetu yalikuwa ya vitu. Nyumba ya mama yako ilikuwa na mlango wa upande gani? Sabuni ya kwanza uliinusa wapi? Nguo ya kwanza ya kununuliwa ilikuwa ya rangi gani, na ilinunuliwa kwa pesa za nini? Ulifika kwa mumeo ukiwa umebeba nini? Ukimuuliza, "Una ushauri gani kwa vijana?" atakupa hotuba ya kanisani ambayo umeshaisikia. Ukimuuliza sabuni, atakuambia maisha yake.

Sasa lile gumu. Sisi tulikuwa tumechora mti wa ukoo kwenye kitambaa cha futi nane, watoto saba wa Kukhu wakiwa na matawi yao. Tukamwonyesha. Alipitisha kidole polepole, akahesabu, akasema, "Tisa." Kulikuwa na wawili waliokufa wachanga, mmoja kabla hajapewa jina, na kwa miaka themanini hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hatukujua la kusema. Dada yangu alichukua kalamu, akachora majani mawili madogo mahali pale Kukhu alipoelekeza, moja lenye jina na moja lisilo na jina.

Kwa hiyo mti wa ukoo aone yeye kwanza, faraghani, wiki kadhaa kabla. Muulize majina ya waliotangulia yasomwe mbele ya watu au yakae tu kwenye kitambaa. Hilo si la emsii kuamua.

Picha za zamani zipigeni upya kwa simu mchana, kivulini, bila kumulika. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli nani yuko wapi. Wino wa kalamu hupenya na kuharibu. Sauti zote zihifadhiwe mahali pawili, kwa mfano flashi mbili kwenye nyumba mbili. Simu huibwa.

Pesa

Mwekahazina mmoja, nambari moja ya M-Pesa isiyotumika kwa kitu kingine, na ripoti kila Jumapili jioni kwenye kundi. Mchango upangwe kwa milango, yaani kila nyumba ya mtoto wake na kiasi chake, kuliko kwa mtu mmoja mmoja. Asiye na pesa alete kuku, kuni au siku mbili za kazi, na jina lake lisomwe sawasawa na la aliyetuma elfu ishirini. Msikope. Nyumba yetu ilishawahi kukopa kwa ajili ya matanga na tukalipa hadi marehemu akawa ametimiza mwaka wa pili. Kwa sherehe hakuna sababu kabisa.

Siku na saa

Jumamosi ndiyo siku ya watu wa mjini, na kwetu pia ndiyo siku ya mazishi. Hema, viti, spika, hata mpishi wa sufuria kubwa, ni walewale. Weka nafasi miezi miwili kabla na ulipe sehemu. Halafu chagua Jumamosi ya akiba. Msiba ukitokea kijijini wiki ile, nyinyi ndio mnaosogea. Hakuna mtu atakayecheza muziki huku jirani akizika, na kama mtajaribu mtakula chakula chenu peke yenu.

Agosti na Desemba watoto wako likizoni na watu wanarudi nyumbani. Desemba hadi Februari mvua hupungua. Kwa Agosti, kama yetu, kumbuka kwamba ukanda huu wa Kakamega hadi ziwani mvua hupenda kushuka alasiri, na ngurumo juu yake. Kila jambo la maana liishe kabla ya saa saba mchana.

Mwili wa miaka mia

Sehemu hii isomwe na yule atakayekaa na mzee siku hiyo, na awe mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Tulimpa binamu yangu aliye muuguzi, tukamnyang'anya kazi nyingine zote. Hakupika, hakupiga picha.

Kiti kiwe na mikono, na nyayo zifike chini. Sofa la kuzama linaonekana la heshima, ila kulitoka kunahitaji wanaume wawili. Mto nyuma ya mgongo, leso mapajani, kivuli kisichohama na jua. Mpeni nafasi ya kusimama au kubadilisha mkao kila baada ya muda. Ngozi ya umri huo hupata vidonda haraka.

Choo kiwe hatua chache na njia iwe tambarare. Kama choo ni cha shimo nyuma ya migomba, wekeni kiti cha choo na ndoo chumbani kwake, na pazia. Wazee wengi hukataa kunywa maji siku ya wageni kwa sababu wanaogopa safari ya chooni. Ndivyo wanavyoishia kuzimia kwenye jua watu wakidhani ni furaha imezidi. Akijua choo kiko karibu na hakuna anayemwona, atakunywa.

Dawa zake za presha au sukari zipewe saa ileile ya kila siku, hata kama askofu amesimama kuomba.

Chakula chake kipikwe kando, laini, chumvi kidogo. Mrenda, kunde zilizopondwa, mushenye wa viazi vitamu na maharagwe, samaki aliyetolewa miba na mtu mwenye macho mazuri. Njugu, bisi na nyama ya kuvuta kwa meno viwe mbali naye. Ale akiwa amekaa wima, tonge ndogo, asiongeleshwe akitafuna, na abaki wima nusu saa baadaye. Keki tulimlowekea kwenye chai. Mishumaa mia msithubutu. Ni moto wa kuota, na pumzi ya kuuzima haipo. Mmoja unatosha, tena auzime akiwa na kitukuu wa kusaidia.

Na kuku? Muulizeni kwanza. Wanawake wa rika lake katika nyumba nyingi za Waluhya walikatazwa kuku na mayai, na wako ambao hawajawahi kubadili mpaka leo. Mjomba wangu, kwa nia njema kabisa, alipanga kumkabidhi Kukhu firigisi mbele ya wageni, ile sehemu ya mwenye mji, kama heshima kuu. Kukhu aliipokea, akaishika, akampa mwanawe mkubwa. Watu walipiga makofi wakidhani ni ukarimu. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kula kuku na hakuwa na mpango wa kuanza siku hiyo.

Mwenye kikohozi, mafua au homa asimkaribie. Wekeni maji ya kunawa na sabuni langoni kwake, kisha mtu mzima asiyeona haya asimame hapo.

Masikio: spika zielekezwe upande mwingine kabisa, na jenereta iwe nyuma ya zizi. Anayezungumza naye aje upande wa sikio linalosikia, aseme polepole kwa sauti nzito. Kupiga kelele kwa sauti nyembamba hakusaidii. Macho: mtoto wa jicho ameshachukua mengi, kwa hiyo kila anayemsalimu ataje jina na ni wa nani. "Mimi ni Fulani, wa Fulani." Msicheze ule mchezo wa "Unanijua mimi ni nani?" Ni ukatili unaovaa nguo ya mapenzi. Sisi kila mlango ulivaa leso ya rangi yake, na Kukhu, asiyeona nyuso, aliona rangi ya chungwa ikija na kusema, "Hao ni wa Nakuru."

Wakwe, emsii na mheshimiwa

Mzee wa miaka mia ana wakwe wa miaka sabini na tano, na adabu ya mkwe haizeeki. Mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono, hamkumbatii, hali chakula mbele yake. Wapangieni kivuli chao na meza yao, upande ambao hawatazamani naye uso kwa uso, na mtu wa kuwahudumia. Emsii wetu alikuwa kijana kutoka mjini, mwenye maneno matamu, ambaye katikati ya shughuli alitangaza kwamba wakwe wote waje mbele wampe mama kumbatio la miaka mia. Kukawa kimya. Mzee mmoja aliitazama kofia yake kama aliyeona mdudu ndani. Shangazi ndiye aliyetuokoa, alianza wimbo. Basi mwandikieni emsii mambo matatu asiyopaswa kufanya, na la kwanza liwe hilo.

Mheshimiwa atakuja hata asipoalikwa, na atakuja amechelewa. Akipewa maiki kabla ya wasifu kusomwa, mmeipoteza siku. Apewe dakika tano baada ya Kukhu kuingia ndani kupumzika. Atakuwa na watu wa kumsikiliza, na yeye Kukhu atakuwa amelala.

Sufuria za wageni

Kwa watu mia moja, mchele kilo 12, unga kilo 10 kwa wale ambao bila ugali hawajala, nyama kilo 20, mboga magunia mawili ya mchanganyiko wa kunde na managu, chai lita 25 ambayo nusu yake ni maziwa. Kisha ongezeni theluthi, kwa sababu mtaalika mia na watakuja wengi kuliko hao. Mpishi mkuu awe mmoja. Wapishi wakuu wawili ni kesi.

Siku yenyewe

Saa kumi na mbili na nusu aoge maji ya moto, apakwe mafuta, anywe uji. Avae nguo aliyoichagua yeye. Kukhu alichagua kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama kanisani na viatu vya raba. Saa tatu familia ya karibu pekee, picha za vikundi zipigwe hapo, kabla hajachoka. Saa nne wageni wameketi, anatoka. Ibada fupi, padri au kasisi aambiwe mapema kwamba ni dakika arobaini, na nyimbo ni zile alizotaja mwenyewe.

Saa tano kasoro, wasifu. Sisi hatukuusomea umati. Msomaji alikaa kwenye kigoda mbele ya magoti yake, maiki mkononi, akamsomea yeye, sentensi moja moja kwa lugha yake, akinyamaza baada ya kila sehemu. Maiki ya pili ilikuwa kwa Kukhu. Umati ukawa unasikiliza mazungumzo ya watu wawili. Alitusahihisha mara sita. Jina la mlima aliookota kuni. Bei ya ng'ombe wa mahari. Na tuliposoma kwamba babu alimwoa baada ya kumwona kanisani, alicheka hadi leso ikaanguka, akasema kanisani walionana baadaye. Mara ya kwanza ilikuwa mtoni, naye alimrushia tope.

Mjukuu mwingine awe na kalamu, aandike kila sahihisho papo hapo. Kinasa sauti kiwe kinaendelea.

Saa sita hivi atakuwa amechoka, hata akisema hajachoka. Tazama mikono: ikianza kuvuta vuta nguo, au akijibu swali la pili kwa jibu la kwanza, mpeleke ndani. Wageni waendelee kula na kucheza. Zawadi zisitolewe kwa mstari mbele yake. Foleni ya watu themanini wenye blanketi ni adhabu. Kuwe na meza na daftari, kila zawadi na jina. Kuhusu blanketi zenyewe: Kukhu ana za kufunika darasa zima. Mkiweza, semeni mapema mnachohitaji. Taa ya sola ya njia ya chooni, sapatu zisizoteleza, chupa ya chai inayofunguka kwa mkono dhaifu, mchango wa bima ya afya ya SHA wa mwaka, au mtu wa kulipwa aje kumfulia kila wiki.

Siku zinazofuata

Siku ya pili asiletewe mtu. Wale waliochelewa watakuja na hadithi za matairi. Wapeni chai nje. Kwa siku tatu mtazameni kwa makini: akikataa kunywa, akipata kikohozi kipya, homa, au akianza kuchanganya watu kuliko kawaida yake, msiseme ni uchovu wa sherehe. Mpelekeni hospitali.

Hema lirudi kesho yake asubuhi, jirani asije akalia tena. Mwekahazina atoe hesabu ndani ya wiki moja, na kilichobaki kitajwe kinakwenda wapi.

Kisha kaeni na masahihisho. Wasifu uandikwe upya, uchapishwe kwa herufi kubwa, nakala moja kwa kila mlango, na moja ikae chini ya godoro lake kama yeye anapenda kuhifadhi karatasi huko. Kukhu anapenda. Wiki mbili baada ya sherehe nilimkuta ameitoa nakala yake, amemwita kitukuu wa darasa la nne amsomee. Walipofika kwenye pengo na gari la moshi alimsimamisha. Akasema meno ya chini pia yalikuwa yametoka, hayo hatukuyaandika, na kama meno ya chini nayo yanahesabiwa basi huenda tumempunguzia mwaka.

Mtoto akachukua penseli, akaandika pembeni.